Kwa Nini Nyuki Huwafukuza Madume?

Huenda wewe pia, mama msomaji, umewahi kuusikia mfano wa nyuki dume. Hutolewa pale mwali anapofundwa, na hata katika mazungumzo ya akina mama wakiosha vyombo baada ya sherehe. Husemwa kwamba katika mzinga wa nyuki wanawake ndio wanaofanya kazi zote, na wanaume hula asali na kulala tu. Mwishowe malkia huchoka na waume hao wavivu, hutoa amri, nao hutupwa nje wakafe kwa baridi. Akina mama hucheka, na mwenye mume mzito wa kushika jembe hucheka kuliko wote.

Mfano huo unachekesha, lakini una makosa matatu. Madume hao si waume wa malkia. Malkia hatoi amri yoyote. Tena hawafukuzwi kwa sababu ya uvivu. Habari yenyewe ilivyo ni nzito kuliko mzaha huo, na inamhusu mama zaidi kuliko inavyomhusu baba. Hebu tuitazame kwa utaratibu.

Kufukuzwa kwa madume huonekana wazi zaidi katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama zile za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Huko, kuanzia Septemba hivi, siku huwa fupi, majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na maua hukwisha. Baada ya hapo inakuja miezi mingi ambayo nyuki hata akitoka hawezi kupata ua. Familia nzima hula akiba iliyowekwa wakati wa joto. Katika sehemu zenye baridi kali, mzinga mmoja huweza kuhitaji kilo 25 za asali, au zaidi, mpaka maua yachanue tena. Kwa hiyo majira hayo ya kupukutika majani ni wakati wa kuhesabu chakula na kuhesabu vinywa.

FAMILIA ILIVYO

Katikati ya majira ya joto mzinga wenye nguvu huwa na nyuki 40,000 hadi 60,000. Katika wingi huo malkia ni mmoja tu, naye ndiye mama wa wote. Walio wengi kabisa ni wafanyakazi, na hao wote ni majike. Madume ni mia kadhaa, na pengine hupita elfu moja.

Nyuki dume ni mnene, na macho yake makubwa hukutana juu ya kichwa. Hana mwiba. Ulimi wake ni mfupi, na miguu yake ya nyuma haina vile vikapu vidogo vya kubebea chavua. Basi si kwamba hataki kuchuma. Hana vyombo vya kuchumia. Kazi yake ni moja: kumpata malkia kijana wa mzinga mwingine. Siku za jua, wakati wa mchana, madume kutoka mizinga mingi huruka na kukusanyika angani mahali fulani, na malkia mwali akipita hapo humfukuzia. Anayempata hufa papo hapo, kwa maana kiungo chake cha uzazi hukatika. Wasiompata hurudi nyumbani kula, na kesho hujaribu tena.

Malkia hutoka kwa ajili hiyo katika wiki za kwanza za maisha yake tu. Hukutana na madume kumi na zaidi, na wote hufa. Mbegu zao huzihifadhi katika kifuko kidogo ndani ya mwili wake, nazo humtosha kwa miaka yote atakayotaga. Baada ya hapo haolewi tena. Ndiyo kusema malkia ni mjane tangu ujana wake, na hakuna mume wake hata mmoja anayeishi mzingani.

Basi wale madume wanaoonekana ndani ni akina nani? Ni wanawe. Tena mwaka 1845 padre mmoja aliyefuga nyuki huko Silesia, Jan Dzierżon, alieleza jambo lililowashangaza wengi: nyuki dume hutoka katika yai ambalo halikutiwa mbegu ya kiume. Ana mama lakini hana baba, ingawa babu anaye, yaani baba wa mama yake.

Kwa hiyo kinachotokea mlangoni mwa mzinga si ugomvi wa mke na mume. Ni madada wanaowatoa kaka zao, na mama yao yumo ndani, kimya.

KIPOFU NA WALIOMWAZIMA MACHO

Mmoja wa watu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa uangalifu alikuwa kipofu. Jina lake ni François Huber, aliyezaliwa mwaka 1750 katika mji wa Geneva, ambao leo uko Uswisi. Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi macho yake yalianza kuharibika, na mwishowe akawa haoni kabisa.

Wakati huo alikuwa amempenda binti mmoja wa hapo mjini, Marie-Aimée Lullin. Baba wa binti, mtu mwenye cheo, alikataa katakata kumwoza mwanawe kwa kijana anayepofuka. Binti hakutoroka wala hakugombana. Alisubiri mpaka alipofikisha miaka 25, umri ambao sheria ya huko ilimruhusu kujiamulia mwenyewe, kisha akaolewa na Huber. Waliishi pamoja miaka ipatayo 40. Mke huyo alimsomea vitabu, alimwandikia, na alimsaidia kuwaangalia nyuki. Mtumishi wao, François Burnens, ndiye aliyefungua mizinga, akavumilia miiba na kueleza kila alichokiona. Huber aliuliza maswali, akaamuru jaribio lirudiwe, akapima majibu. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1792 kingali kinaheshimiwa na wafugaji nyuki hata leo.

Ili kuona mwisho wa madume, Huber aliiweka mizinga sita juu ya meza za kioo, na msaidizi wake akatazama kutoka chini. Waliona wafanyakazi wakiwakimbiza madume mpaka chini ya mzinga, wakiwakamata kwa miguu, kwa mabawa na kwa vipapasio, hata kuwachoma kwa miiba. Jambo hilo walilishuhudia mwezi wa Julai, kwa maana maua yakikatika mapema, nyuki hawangojei baridi ifike.

Lakini Huber hakuishia hapo. Aliuliza swali ambalo wacheshi wa mfano wetu hawaulizi: je, kila mzinga hufanya hivyo? Jibu lilikuwa hapana. Katika mizinga iliyopoteza malkia wake, madume waliachwa waishi. Na katika mizinga ambayo malkia alichelewa mno kupandwa, vilevile hawakuguswa. Hapo ndipo ilipoanza kujulikana kwamba yanayompata dume hutegemea sana hali ya mama.

NJAA KWANZA, MLANGO BAADAYE

Mara nyingi kufukuzwa hakufanywi kwa siku moja. Huanza na chakula. Dume akiwa mdogo hulishwa na dada zake mdomoni, na akikua hujinywea asali mwenyewe kutoka katika masega. Majira ya kupukutika majani yanapokaribia, wafanyakazi huacha kumlisha na kumzuia asifike kwenye akiba. Husukumwa mpaka masega ya pembeni, kisha sakafuni. Akiisha kulegea kwa njaa, mfanyakazi mmoja au wawili humburuta kwa bawa mpaka mlangoni na kumdondosha nje. Akijaribu kurudi hukuta walinzi. Hawezi kujitafutia chakula katika maua, na usiku una baridi. Hata watoto wa kiume ambao bado wamo katika vyumba vyao vya nta huweza kutolewa na kutupwa.

Ni jambo gumu kulitazama. Lakini fikiria hesabu yake. Katika majira ya baridi hakuna malkia mwali anayeruka angani, kwa hiyo dume hana kazi mpaka majira ya kuchipua. Ana mwili mkubwa na hula sana. Majira ya kuchipua yakifika, mama ataweza kutaga mayai mengine ya kiume, na kutoka yai hadi dume kamili ni siku 24 tu. Asali ambayo madume mia kadhaa wangeila tangu Oktoba hadi Machi ndiyo itakayoamua kama mama na binti zake wataliona ua la kwanza. Madume hutolewa kwa sababu wanaweza kupatikana tena, na mama hawezi kupatikana tena katikati ya baridi.

MZINGA USIOFUKUZA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mfugaji nyuki wa Ulaya hulitazama kwa wasiwasi. Mwezi wa Oktoba anapita mbele ya mizinga yake. Katika mingi hakuna dume hata mmoja. Lakini katika mzinga mmoja madume bado wanaingia na kutoka bila kuguswa. Mgeni angesema, "Hawa wana huruma." Mfugaji mwenye uzoefu husema, "Mama yao ana nini?"

Huenda malkia amekufa. Huenda ni mzee na mbegu zake zimekwisha. Huenda yule wa zamani alikufa, wakamlea mwingine, lakini huyo mpya hakupata siku ya jua ya kutoka akapandwa. Familia isiyo na mama kamili huwashika madume wake, kana kwamba bado ingali inatazamia harusi. Lakini wakati wa harusi umepita. Hewa ni baridi, na madume wa mizinga mingine wamekwisha kufa.

Mzinga wa namna hiyo ukiachwa hivyo hauwezi kufika mbali. Nyuki waliopo watazeeka na hakuna wa kuchukua nafasi zao. Wakati mwingine baadhi ya wafanyakazi huanza kutaga wenyewe. Lakini wao hawakupandwa kamwe, na kwa hiyo mayai yao huzaa madume watupu. Nyumba hujaa vijana wasioweza kuchuma, na wanaochuma hupungua kila siku.

Hata hivyo mfugaji hapaswi kukata shauri kwa haraka. Familia yenye nguvu na chakula tele huweza kuchelewa kuwatoa madume ingawa mama yao ni mzima. Na kukosekana kwa mayai mwishoni mwa majira hayo si dalili ya kutosha, kwa maana hata malkia mzima huwa anapunguza kutaga. Ni lazima atafutwe mwenyewe mpaka aonekane.

Akikosekana, na nyuki waliobaki wakiwa bado wana afya, njia iliyozoeleka ni kuiunganisha familia hiyo na nyingine yenye mama. Mfugaji hufungua mzinga wenye malkia, hutandaza karatasi ya gazeti juu yake, kisha huweka juu ya gazeti kasha la wale yatima. Wangekutanishwa ghafla wangepigana, kwa sababu kila familia ina harufu yake. Lakini huchukua siku kadhaa kulitafuna gazeti lile, na wakati huo harufu huchanganyika kidogo kidogo. Tundu likiisha kupatikana, wanakutana kama ndugu.

MAMA ANAPOPUMZIKA

Na malkia mwenyewe hufanya nini wakati kaka na dada wanakabiliana? Watu wengi hudhani anatawala. Kweli harufu ya mwili wake, inayosambazwa na binti wanaomgusa na kumlisha, huwajulisha wote kwamba mama yupo. Lakini hapangi zamu, hagawi chakula, na hamfukuzi mtu. Hata idadi ya mayai yake hutegemea sana wanavyomlisha.

Wakati wa joto malkia mwenye nguvu huweza kutaga mayai yapatayo 1,500 kwa siku moja, hata zaidi. Maua yanapopungua, naye hupunguza. Baridi ikishika sana, katika nchi nyingi huacha kabisa kwa wiki kadhaa. Hapo mzinga unakuwa hauna mtoto hata mmoja wa kulea.

Mapumziko hayo yana faida ambayo wataalamu wamechukua muda mrefu kuielewa. Nyuki mfanyakazi aliyezaliwa katikati ya majira ya joto huishi wiki sita hivi. Ndugu yake aliyezaliwa majira ya kupukutika majani huweza kuishi miezi sita. Mama ni yule yule, na nyumba ni ile ile. Tofauti kubwa iko katika kulea. Nyuki wa kiangazi hutengeneza chakula cha watoto kutoka katika mwili wake mwenyewe, kisha hutoka kuchuma mpaka mabawa yanachakaa. Nyuki wa majira ya baridi hukuta watoto wachache au hawapo. Hula chavua akanenepa, akaweka akiba ya mafuta na lishe mwilini, na akiba hiyo ndiyo inayomvusha. Majira ya kuchipua yanapokaribia na mama anapoanza tena kutaga, ndipo nyuki hao wanaitumia akiba hiyo kulea kizazi kipya, nao huzeeka upesi.

Sisi tuliolea hatuhitaji kuelezwa mengi. Tunajua kwamba mtoto hulelewa kwa mwili wa mtu. Nyuki hawalichukulii pumziko hilo kuwa uzembe wa mama. Wakati wa baridi hukusanyika na kuwa kama mpira mmoja, mama akiwa ndani. Hutikisa misuli ya kurukia bila kupiga mabawa, na hivyo hutoa joto. Walioko nje hujibana na kuziba upepo; wakipoa, husogea ndani taratibu na wengine kushika zamu. Nje maji yanaganda, lakini katikati ya mpira ule huwa kuna nyuzi joto 20 na zaidi, na watoto wakianza kulelewa tena huongezwa hadi kufikia nyuzi 34 au 35.

HUKU KWETU

Nyuki wetu wa Afrika Mashariki ni wa jamii moja na hao wa Ulaya, lakini hawana baridi ya miezi sita. Wana misimu ya njaa badala yake, na njia yao kubwa ya kuokoka ni kuhama. Katika nchi za miombo, kama Tabora, maua yakikatika familia nzima huweza kuondoka na mama yao, wakaacha masega matupu na kwenda kutafuta mahali palipochanua. Kabla ya kufikia hapo, chakula kikipungua sana, huku pia madume huweza kutolewa nje.

Siku hizi akina mama wengi wako katika vikundi vya ufugaji nyuki. Zamani kazi hii ilikuwa ya wanaume waliopanda miti mirefu. Mizinga ya masanduku inayoning'inizwa chini chini imetufungulia mlango. Kwa hiyo haya si mambo ya Ulaya tu. Ukikuta madume wamelala mbele ya mzinga, usidhani mara moja kwamba ni ugonjwa. Tazama kwanza ni akina nani waliokufa. Wakiwa ni madume watupu, wenye macho makubwa na wasio na mwiba, huenda nyuki wako wanakuambia kwamba chakula kimepungua. Huo si wakati wa kurina. Waachie asali iliyobaki, na uhakikishe kuna maji karibu, la sivyo siku moja utakuta mzinga mtupu. Lakini ukikuta wafanyakazi wamekufa kwa wingi, uliza kama kuna shamba la jirani lililopigwa dawa.

Na kama msimu ni wa njaa, mizinga yote imewatoa madume, na mmoja tu bado umejaa, usiusifu kwa ukarimu. Uufungue kwa upole, moshi kidogo, na umtafute mama.